Ya Kale Si Dhahabu Daima: Tahadhari kwa Anunuaye Vifaa vya Kuzamia

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Walinena pia kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Zikumbuke methali hizo zote mbili siku utakapopita kwenye meza za mitumba ukaona, katikati ya viatu na mabegi, miwani ya kuzamia yenye mpira mweusi pamoja na mrija wake wa kupumulia. Bei ni nafuu, watoto wanakuvuta mkono, na Jumapili ijayo familia imepanga kwenda kuogelea Kigamboni au kisiwani Mbudya. Kabla hujatoa fedha, tafadhali soma kwanza.

Tuanze na mrija, kwa kuwa ndio unaowadanganya wengi. Mtu huuona mrija mrefu akadhani utamfikisha chini zaidi. La hasha! Mrija wa kawaida wa mtu mzima hauzidi kiasi cha sentimita 38, na kipimo hicho kina sababu. Maji yana uzito. Ukiwa mita 1 tu chini ya maji, kila sentimita 1 ya mraba ya kifua chako hubanwa na uzito wa gramu 100 zaidi, ilhali hewa ipitayo mrijani haina nguvu ya kuusukuma uzito huo kutoka ndani. Misuli ya kifua hushindwa. Isitoshe, mrija mrefu hubaki na hewa chafu uliyokwisha kuitoa, nawe ukaivuta tena. Basi usikubali mrija uliorefushwa kwa bomba, wala usimpe mtoto mrija mpana wa mtu mzima, kwani mapafu yake ni madogo.

Ipo pia miwani ya miaka ya 1950 na 1960 inayofunika uso mzima, mrija ukiwa umeota juu yake, na kijimpira cha kuzuia maji kikiwa ndani ya kizimba. Yapendeza machoni, lakini ndani yake mna nafasi kubwa inayohifadhi hewa iliyokwisha tumika. Mwogeleaji huweza kushikwa na kizunguzungu, kisha akazimia majini bila hata kupiga kelele. Hiyo iache.

Miwani nyingine ikague mbele ya muuzaji. Tazama kioo: kiwe na neno TEMPERED, yaani kioo kilichoimarishwa, maana kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande vikali karibu na jicho. Hakikisha inafunika pua, kwani chini ya maji utahitaji kupuliza hewa kidogo kwa pua ili miwani isikukamue macho. Ukunje mpira: ukiwa na nyufa, au ukinata vidoleni, umekwisha maisha yake. Mwisho, iweke usoni bila kufunga mkanda, uvute hewa taratibu kwa pua. Ikishika bila kuanguka, imekufaa. Ukiinunua, ioshe vizuri kwa sabuni, na kipande cha mdomoni cha mrija ukibadilishe ikiwezekana.

Hatari kubwa zaidi imo katika mtungi wa hewa. Mwaka 1943, huko Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan waliunda kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi kadiri anavyoihitaji. Ni uvumbuzi wa kuheshimiwa. Lakini mtungi hubeba hewa iliyoshindiliwa kiasi cha mara 200 ya ile tunayoivuta barabarani. Baadhi ya mitungi ya alumini ya miaka ya 1970 na 1980, iliyotengenezwa kwa aloi iitwayo 6351, imepata nyufa shingoni, na mingine ikapasuka ilipokuwa ikijazwa. Nyufa hizo hazionekani kwa kuutazama mtungi nje. Hupimwa na fundi mwenye ujuzi na vyombo vyake.

Na hata mtungi ukiwa mzima, wewe je, umefundishwa? Hewa iliyovutwa mita 10 chini huongezeka maradufu mtu anapofika juu. Asiyejua, akapanda huku ameziba pumzi, huweza kupasua mapafu. Elimu hiyo haiuzwi mezani pamoja na mtungi.

Je, vifaa vya kale vitupwe? Hapana. Vina historia, na wako watu duniani wanaovikusanya kwa mapenzi makubwa. Ukikipata kimoja, kisafishe ukitundike sebuleni, uwaeleze wanao jinsi binadamu alivyojifunza kuingia baharini. Ukutani, ya kale ni dhahabu kweli. Baharini, ndugu msomaji, dhahabu ni pumzi ya mwanao. Nayo haina mtumba.