Pikipiki isiyolia piki-piki

Simama Nangurukuru alfajiri, pale njia panda ya kwenda Kilwa Masoko, usikilize bodaboda zikiwashwa. Piki-piki-piki. Mlio huo ndio uliokipa chombo jina. Injini yake ina silinda moja, nayo huwaka mara moja tu katika kila mizunguko miwili. Kati ya mwako na mwako sikio hupata nafasi ya kuhesabu.

Henderson hailii hivyo. Mwaka 1912, kule Detroit, Marekani, ndugu wawili, William na Tom Henderson, walianza kuuza pikipiki yenye silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, mbele hadi nyuma, ndani ya fremu ndefu. Silinda hizo hupokezana, kila nusu mzunguko inawaka moja, na kinachosikika ni mvumo usiokatika, kama wa nyuki mzingani. Mwaka huohuo Carl Stearns Clancy alipanda Henderson kuizunguka dunia, akamaliza 1913. Afrika ya Kaskazini aliipitia, pwani yetu hakuigusa.

Kwetu ingeteseka. Silinda ya nyuma imekingwa upepo na wenzake, ndiyo inayochemka kwanza, na joto la Lindi si la mchezo. Barabara nayo! Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, Rufiji tuliivuka kwa pantoni, masika yakija kusini kunakatika.

Henderson ilikoma 1931. Kampuni ya Indian, iliyoendeleza pikipiki za silinda nne, iliacha kuziunda 1942. Hata hivyo zipo zinazotembea hadi leo, kwa kuwa wenyewe walizitunza na mafundi wakachonga spea zisizouzwa tena dukani.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, Urithi wa Dunia tangu 1981, yaliingizwa katika orodha ya hatari 2004, yakakarabatiwa, yakatolewa 2014. Mawe tunayajali. Chuma hatukihesabu. Pikipiki iliyombeba mkunga usiku wa mvua huegemezwa ukutani, upepo wa chumvi ukalila tangi, mwisho anapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake.

Msomaji, kama babu ameacha moja Kivinje au Lindi, usiiuze kwa kilo. Ioshe kwa maji yasiyo na chumvi, ikaushe, ipake grisi. Fungua plagi, dondoshea oili tunduni ili pistoni isigande. Kisha mwulize bibi ilinunuliwa mwaka gani na ilifika wapi, uandike, na karatasi hiyo uiweke pamoja na kadi ya usajili, mahali pakavu.