Kwa Nini Siri Huchanganywa na Pumba?

Siku hizi vikundi vingi vinaweka hesabu, namba za siri na hata kura kwenye simu na kompyuta. Je, siri hizo zinalindwa namna gani? Leo tueleze jambo moja tu.

Mwaka wa 1977, huko Marekani, wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walibuni njia ya kufumba ujumbe iitwayo RSA. Ina funguo mbili. Ufunguo wa wazi hupewa kila mtu, naye huutumia kufumba. Ufunguo wa siri hubaki kwa mwenyewe, na huo tu ndio unaofumbua.

Shida iko wapi? Tuseme wanachama wanapiga kura. Kila mmoja anafumba NDIYO au HAPANA kwa ufunguo wa wazi wa mhesabu kura. Hesabu ya RSA ni ile ile kila mara, kwa hiyo NDIYO zote zitatoa fumbo moja. Mdukizi hana haja ya kuiba ufunguo wa siri. Anachukua ule wa wazi, anafumba NDIYO, anafumba HAPANA, halafu analinganisha. Basi, kura yako ameijua! Namba ya siri ya tarakimu 4 ni vivyo hivyo. Ziko 10,000 tu, na kompyuta inazimaliza upesi.

Dawa ni hii: kabla ya kufumba, ujumbe unachanganywa na namba za bahati nasibu, kama mtu anayeficha punje ndani ya pumba. Namba hizo ni mpya kila mara, kwa hiyo NDIYO mbili hazifanani. Mwenye ufunguo wa siri akishafumbua, anapepeta pumba na kubaki na punje. Mdukizi naye atakisia nini, ikiwa namba hizo ni kama kurusha sarafu mara 256?

Lakini pumba nayo itiwe kwa ufundi. Mwaka wa 1998 Daniel Bleichenbacher alionyesha kwamba njia moja ya zamani inavunjika, kompyuta inayopokea ikifichua kama pumba imekaa sawasawa au la. Njia iliyo imara zaidi, OAEP, ilitolewa na Bellare na Rogaway mwaka wa 1994.

Kwa hivyo ndugu zetu, fundi akiwaletea programu, muulizeni: "Unachanganya namba za nasibu kabla ya kufumba? Kwa njia gani?" Akijibu kwamba ufunguo wake ni mrefu na unatosha, msikubali. Ufunguo hata uwe mrefu namna gani, hauwezi kuficha neno ambalo mtu anaweza kulikisia.