Vanishi angavu si kinga ya fanicha za nje Hola

BENCHI la mbao lililowekwa nje ya nyumba mjini Hola, Kaunti ya Tana River, ndilo sebule ya wengi. Hapo wageni hukaribishwa jioni joto linapopungua, na hapo wateja wa mikahawa huketi wakinywa chai. Hata hivyo, si ajabu benchi lililonunuliwa likimetameta kuchujuka na kubambuka kabla ya kutimiza mwaka.

Mwenye benchi hudhani seremala alimpunja kwa kumuuzia mbao duni. Mara nyingi kosa si la mbao, bali la kilichopakwa juu yake.

Hola iko karibu na ikweta, katika nyanda kame zenye jua kali takriban mwaka mzima. Wanunuzi huhofia mvua, ilhali anayeanza kuharibu mbao hapa ni jua. Miale ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni, huvunja ligini, yaani kiungo kinachoshikanisha nyuzi za mti. Ndiposa ubao ulioachwa wazi hugeuka kijivu na kufanya nyufa. Mvua ikija, maji hupenya kupitia nyufa hizo.

Kwa sababu hiyo, vanishi angavu ya ndani ya nyumba haifai kabisa nje. Huonyesha uzuri wa mti, lakini kwa kuwa haina rangi, huiachia miale ifike kwenye ubao. Isitoshe, ubao huvimba unaponyeshewa na kusinyaa unapokauka, na utando mgumu wa vanishi usionyumbuka hupasuka. Maji yakishaingia chini yake hunaswa humo, kuvu huota na vanishi hubambuka. Kuirekebisha ni kazi nzito, kwani sharti utando wote uondolewe kwa msasa kabla ya kupaka upya.

Vanishi ya mashua ni afadhali kwa kuwa hunyumbuka na ina viungo vya kupunguza makali ya miale. Lakini nayo huhitaji kupigwa msasa mwepesi na kuongezwa tabaka jipya kabla haijaanza kupasuka.

Anayetaka kinga ya kudumu bila kazi nyingi na achague rangi ya mafuta iliyotengenezewa matumizi ya nje. Chembe za rangi huizuia miale isiufikie ubao. Tabaka moja la rangi ya msingi na mawili ya juu yatatosha. Kasoro yake ni kuwa huficha urembo wa mti.

Wanaopenda kuuona mti wenyewe wana njia nyingine: mafuta ya kitani yaliyochemshwa, au yale yanayouzwa kwa ajili ya mbao za msaji. Mafuta haya huingia ndani ya ubao, na kwa kuwa hayaachi utando mnene, hayabambuki. Yakififia, futa vumbi kisha upake tena. Chagua yaliyotiwa rangi kidogo, kwani mafuta matupu hayazuii jua vyema. Yapake angalau mara moja kwa mwaka, hasa Septemba kabla ya mvua ya vuli.

Hekima hii si ngeni Pwani. Katika kaunti jirani ya Lamu, mabaharia wa jadi walipaka mbao za vyombo vyao sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu zinazozama majini wakazipaka deheni ya shahamu na chokaa. Hawakutarajia kupaka mara moja tu. Chombo kilipandishwa pwani kikapakwa tena na tena.

Usijaribu mafuta ya kupikia, kwa kuwa mengi hayakauki, na hunata vumbi. Oili chafu ya magari nayo huchafua nguo na ina kemikali zinazodhuru ngozi. Pia, matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasirundikwe pamoja, kwani yanaweza kupata joto na kushika moto yenyewe. Yatandazwe nje yakauke.

Chochote utakachochagua, mbao sharti ziwe zimekauka vyema, kwani unyevu ulionaswa ndani utaisukuma rangi itoke. Paka asubuhi au jioni, kivulini. Jua la mchana hukausha juu kabla ya chini na kuleta malengelenge. Mbao ngumu, kama za mathenge, mti ulioletwa Bura na Hola mapema miaka ya 1980, hunywa mafuta polepole. Zipake kidogo kidogo na ufute yanayosalia juu.

Zingatia pia ncha za miguu, ambako ubao hufyonza maji upesi kuliko ubavuni. Zishibishe mafuta au rangi, kisha uweke benchi juu ya mawe au saruji. Hakuna rangi itakayomzuia mchwa ikiwa miguu imesimama udongoni.

Mwisho, mwombe seremala akuuzie benchi kabla halijapakwa chochote. Utaona iwapo mbao ni kavu na kama kuna ufa uliozibwa, nawe utaamua mwenyewe litakavyokingwa. Mng'ao wa dukani usikuhadae. Jua la Hola halidanganywi.