Kufuta Mamlaka ya Maji na Kuhamishia Mali Zake Jijini: Istilahi Chache

Wafasiri wa hati za serikali za mitaa za Marekani hukutana mara kwa mara na taarifa ya namna hii: chombo cha maji cha mahali fulani kimekoma, na mali zake zimekuwa za jiji. Taarifa ni fupi, lakini karibu kila neno lake humtega mwandishi wa Kiswahili. Makala haya yanajaribu kuyachambua maneno hayo kwa kufuata sheria za jimbo la California, ambako dhana zinazohusika zimefafanuliwa kwa kina.

Tuanze na chombo chenyewe. Kwa Kiingereza huitwa "district", na kamusi zetu hutufundisha kwamba neno hilo ni wilaya. Hapa tafsiri hiyo haifai hata kidogo. Wilaya kwetu ni sehemu ya utawala, yenye Mkuu wa Wilaya, mahakama na idara za serikali. Chombo cha California ni mamlaka iliyoundwa kisheria ili kutoa huduma moja au chache katika eneo lenye mipaka yake. Aghalabu huongozwa na bodi iliyochaguliwa na wapiga kura wa eneo hilo, nayo huweza kutoza ada na kukopa fedha. Sheria ya mwaka 1887 iliwawezesha wakulima kuunda vyombo vya umwagiliaji vya aina hiyo, na cha kwanza kikaundwa Turlock mwaka huohuo. Msomaji wetu akiambiwa kuwa "wilaya ya maji imevunjwa", atadhani kwamba wilaya nzima imeondolewa katika ramani. Twapendekeza mamlaka ya maji ya eneo. Neno mamlaka limekwisha kuzoeleka nchini Tanzania kwa vyombo vya majisafi, wala halimpotezi mtu.

Neno la pili ni zito zaidi. Wengi huandika kuvunja, na kwa hakika neno hilo lina nguvu. Lakini tazama matumizi yake. Bunge huvunjwa, kisha wananchi huchagua wabunge wengine na Bunge huendelea kuwapo. Waziri huvunja bodi ya shirika, na shirika lenyewe hubaki likingoja bodi mpya. Kwa upande mwingine, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilipovunjwa Februari 2021, halmashauri hiyo ilikoma, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Neno ni lilelile. Mara watu huondoka na chombo kikabaki, mara chombo chenyewe hufa. Katika hati ya sheria utata huo una gharama: anayeidai mamlaka ya maji atataka kujua kama mdaiwa wake bado yupo. Kwa hiyo tungependa kuvunja libaki kwa bodi, na kufuta litumike kwa mamlaka yenyewe. Kazi inayofuata, ya kulipa wadai na kugawa kilichosalia, iitwe kufunga hesabu. Kufilisi kusitumike hapa, kwani mamlaka inaweza kufutwa hali ina fedha za kutosha.

Sheria ya California inatenga pia njia mbili nyingine. Katika ya kwanza mamlaka hukoma na jiji huchukua kazi, mali na madeni yake. Sharti eneo lote la mamlaka liwe ndani ya jiji. Kuiita njia hii kuungana si sahihi sana, maana vinavyoungana hutoa kitu kipya, kama Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964, ilhali hapa jiji halibadiliki. Kumezwa kungesema kweli, ila kuna kejeli ndani yake. Kuingizwa katika jiji kunatosha. Katika njia ya pili mamlaka haifi, bali baraza la jiji huwa ndilo bodi yake. Hapo angalau asilimia 70 ya ardhi na asilimia 70 ya wapiga kura wake hupaswa kuwa ndani ya jiji. Hiyo twaweza kuiita mamlaka tanzu, kwa mfano wa kampuni tanzu.

Sasa mali. Baadhi ya waandishi hupendelea rasilimali, kwa kuwa lina sauti ya kihasibu. Lakini rasilimali za maji ni mito, maziwa na maji ya ardhini. Ukiandika kwamba rasilimali za mamlaka ya maji zimehamishiwa jiji, msomaji ataona mto ukibadilishwa njia. Visima, matangi, pampu, mabomba, mita na fedha za benki ni mali, na neno hili la kawaida halina upungufu. Madeni yatajwe kando yake kila yanapohusika. Mfasiri anayeyaacha huwapa wakazi wa jiji habari njema isiyokuwapo.

Kuhusu kuhamisha, bomba lililofukiwa halihami. Kinachohama ni umiliki. Kukabidhi nako ni jambo jingine, maana mtu hukabidhiwa hata amana. Mfano ni mamlaka ndogo ya Sativa, iliyohudumia nyumba kama 1,600 huko Compton na Willowbrook. Maji yake yalipotoka mabombani yakiwa na rangi ya kahawia, sheria maalumu ya mwaka 2018 ilifungua njia ya Kaunti ya Los Angeles kukabidhiwa uendeshaji wa muda. Kuendesha na kumiliki ni mambo mawili, na tafsiri iyaonyeshe.

Limebaki neno mrithi, ambalo sheria hulitumia kwa chombo kinachofunga hesabu za mamlaka iliyofutwa. Tunalikubali kwa tahadhari, maana mrithi katika mirathi hufaidi apendavyo. Mrithi huyu hana uhuru huo: fedha zilizosalia yampasa, kadiri iwezekanavyo, kuzitumia kwa manufaa ya ardhi, wakazi na walipa kodi wa eneo lilelile la mamlaka ya zamani. Mfasiri aandike "eneo la mamlaka iliyofutwa", asiandike "jiji", hata kama sentensi itarefuka.