Mfugo wa Kuanzia katika Makazi Mapya

Kila mwaka, masoko ya tumbaku yamalizikapo na malipo yakawafikia wanachama, makatibu wa vyama vya msingi vya Mpanda huulizwa swali moja: fedha iliyobaki baada ya kukatwa deni la pembejeo inunue mnyama gani? Wengi wa wanaouliza huwa wamekwisha kuwa na jibu lao, nalo ni ng'ombe. Swali hili si jipya katika sehemu hizi, wala halijapata kuwa jepesi, kwa kuwa vijiji vingi vya Katavi ni makazi yaliyofunguliwa ndani ya miombo, na miombo ina wenyewe.

Mfano ulio wazi ni Katumba na Mishamo. Wakimbizi waliotoka Burundi kufuatia mauaji ya mwaka 1972 walianza kuletwa Katumba, kando ya reli iendayo Mpanda, mwaka 1973. Makazi ya Mishamo yakafunguliwa mwaka 1978. Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la Kikristo la TCRS walishirikiana kuyajenga. Watu hao walipewa ardhi, wakafyeka, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, hata wakajitosheleza kwa chakula na kuuza ziada. Wengi walitoka katika nchi ambamo ng'ombe ni heshima ya mtu na mahari ya binti yake. Lakini walipofika walikuta msitu wenye mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, na heshima ile ikabidi ingoje. Tangu mwaka 2014 maelfu yao walipokea vyeti vya uraia, na leo wakulima hao ni wanachama kama wanachama wengine.

Yafaa kufahamu jinsi mbung'o azuiavyo ufugaji. Mbung'o wa miombo hupendelea damu ya ngiri, nyati na tandala. Wanyama hao wa porini hubeba vimelea vya nagana bila kuugua sana. Mbung'o yule yule akimuuma ng'ombe, ng'ombe hupata homa, hukonda ingawa anakula, manyoya husimama, hutupa mimba, na mwishowe hufa. Dawa zipo. Berenil huponya, na Samorin hukinga kwa miezi michache. Lakini dawa hizo zinataka kipimo kamili kwa uzito wa mnyama, na mfugaji anayepunguza kipimo ili chupa imfae zaidi huwazoesha vimelea dawa, akajidhuru yeye na jirani zake.

Ni kweli kwamba leo ng'ombe ni wengi Mpanda. Wafugaji wameingia kwa miaka mingi, misitu imefyekwa, na palipofyekwa mbung'o hurudi nyuma kwa kukosa kivuli na wanyama wa porini. Kwa hiyo jibu la mwanachama aliye katikati ya mashamba ya zamani si jibu la yule aliyejenga kando ya hifadhi ya msitu au karibu na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Katibu anayeulizwa habari za ng'ombe hana budi kuuliza kwanza: nyumba yako iko umbali gani na pori?

Wako watu waliolitazama jambo hili kwa namna isiyotarajiwa. Wataalamu wanaofikiria kuwapeleka binadamu kuishi angani wamekabiliwa na swali lile lile la mfugo wa kuanzia, maana huko hakuna duka wala malisho ya bure. Kuanzia Septemba 1991 hadi Septemba 1993, watu wanane walijifungia katika jengo la vioo huko Arizona, Marekani, lililoitwa Biosphere 2, wakaishi kwa chakula walicholima na kufuga humo ndani. Waliingia na mbuzi wafupi wenye asili ya Afrika Magharibi, kuku na nguruwe wadogo. Nguruwe walichinjwa mapema, kwa sababu walikula kile kile ambacho watu wenyewe walikihitaji, na watu walikuwa na njaa. Kuku walitaga mayai machache. Mbuzi ndio waliotoa faida, kwa kuwa walikula majani na mabua yasiyoliwa na mtu, wakayageuza kuwa maziwa.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na kinafaa Mishamo kama kifaavyo angani: mnyama alaye chakula cha mwanadamu ni mgeni wa kudumu mezani. Kipimo cha pili ni ukubwa wake. Ng'ombe mmoja akichinjwa hutoa nyama ya zaidi ya kilo mia, ambayo kaya isiyo na jokofu haiwezi kuimaliza. Hivyo ng'ombe huuzwa, na watoto wa mwenye zizi huendelea kula mboga za majani. (Hili huonekana hata katika nyumba zenye ng'ombe ishirini.) Mbuzi hutoa kilo kumi au zaidi kidogo, na kuku huisha kwa mlo mmoja.

Kwa vipimo hivyo mbuzi ndiye anayestahili fedha ya kwanza ya mwanachama. Hubeba mimba miezi mitano tu, na akitunzwa huweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili. Nagana humpata pia, ila kwa kawaida humwelemea kidogo kuliko ng'ombe. Ubaya wake unajulikana: shamba la jirani. Kamba na kigingi, au banda la kulishia, ni lazima tangu siku ya kwanza. Apate pia chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo.

Nguruwe asidharauliwe. Mpanda si jengo la vioo. Pumba za mashine zipo na huwa nyingi baada ya mavuno. Huzaa baada ya siku 114, tena watoto wengi. Lakini ana maadui wawili kutoka kwa ngiri: kimelea kiletwacho na mbung'o, kinachoweza kumwua kwa siku chache, na homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba na hubebwa na papasi wakaao katika mashimo ya ngiri. Afugwe bandani daima, mbali na pori, asipewe mabaki ya nyama ya nguruwe, wala dume lisiazimwe kutoka kijiji chenye vifo. Na kaya iwe na choo, kwa ajili ya minyoo tegu.

Sungura, na simbilisi wanaofugwa sana Kivu, hula majani na huongezeka upesi. Kwa mjane au mzee asiyeweza kuchunga ni mwanzo mzuri.

Amebaki kuku, na hapa ndipo chama kina kazi ambayo mwanachama mmoja haiwezi. Huku kwetu kuku hujitafutia mchwa na punje zilizomwagika, jambo walilokosa wale wa Arizona. Kinachomaliza kuku ni mdondo, yaani kideri, unaoweza kuacha uwanja mtupu kwa wiki moja. Chanjo ya I-2 inayotengenezwa nchini huvumilia joto kuliko chanjo nyingine, na hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wazima tu. Chupa moja hutosha kuku mamia, na ikifunguliwa haiwekwi akiba kwa muda mrefu. Mwenye kuku 12 hatainunua. Kaya 30 zikikubaliana siku moja, chupa huisha asubuhi hiyo hiyo na kila mmoja hulipa kidogo sana.

Utaratibu huo ukifaulu, chama kinaweza kuingia katika mpango wa kopa mbuzi lipa mbuzi: mwanachama hupewa jike, na hurudisha jike la kwanza litakalozaliwa ili lipewe mwingine. Mpango huu uwe na daftari lake, usichanganywe na deni la pembejeo za tumbaku. Beberu ahamishiwe kundi jingine kabla hajawapanda binti zake, na tarehe ya kuhama kwake iandikwe na katibu mbele ya wenye makundi yote mawili.