Kuchagua Programu ya Kukinga Kompyuta ya Nyumbani Dhidi ya Virusi

Kirusi cha kompyuta ni programu iliyotungwa kwa makusudi ili ijinakili yenyewe ndani ya faili au programu nyingine bila idhini ya mwenye mashine. Jina lake limeazimwa kutoka elimu ya viumbe, nalo lafaa: kama vile kirusi cha mafua kisivyoweza kuzaana nje ya chembe hai, programu hii nayo haifanyi lolote mpaka faili iliyoibeba ifunguliwe. Siku hizi neno hilo hutumika kwa mapana, likajumlisha pia programu zinazosafiri zenyewe mitandaoni, zinazoiba maneno ya siri, na zile zinazozifunga faili za mtu kwa ufunguo hadi atoe fedha.

Dhidi ya maadui hao zipo programu za kinga, na swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: ni ipi itakayoilinda kompyuta bila kuifanya itambae? Swali hili si dogo. Kompyuta nyingi zilizomo majumbani mwa walimu na wanafunzi ni za mtumba, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka ya mtindo wa zamani. Katika mashine ya namna hiyo kinga nzito huchosha, na mwenye mashine akichoka huizima. Kisha siku moja mwalimu hurudi kutoka duka la kuchapa na kurudufu, akachomeka flashi yake, na alama za mtihani za kidato kizima zisifunguke tena. Kwa hiyo wepesi wa kinga si anasa. Ni sehemu ya uimara wake.

Ili kuchagua vema, hatuna budi kwanza kufahamu jinsi kinga inavyofanya kazi. Kila faili, iwe barua, picha au programu, ni mfululizo wa tarakimu. Mwaka 1986 kirusi kilichoitwa Brain, kilichotungwa na ndugu wawili katika mji wa Lahore, Pakistan, kilisambaa duniani kwa njia ya diski laini. Aliyekifahamu aliweza kukitambua kwa kutafuta mfululizo wa tarakimu ambao ni chake peke yake, kama polisi atafutavyo alama za vidole. Njia hiyo ingali msingi wa kinga hata leo. Udhaifu wake ni dhahiri: mhalifu ambaye hajapata kukamatwa hana alama katika daftari. Ndiyo maana kinga ya kisasa huchunguza pia mwenendo. Programu ambayo ndani ya dakika moja inaanza kubadilisha mamia ya faili, moja baada ya nyingine, hutiliwa shaka na kusimamishwa ijapokuwa jina lake halijulikani.

Je, yawezekana kuwa na kinga isiyokosea kamwe? Jambo hili lilipata jibu mapema. Mwaka 1984 Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, alitoa hoja ambayo mwalimu wa hisabati aweza kuifundisha darasani. Tuseme yupo mkaguzi mkamilifu ambaye akionyeshwa programu yoyote hujibu kwa hakika “ni kirusi” au “si kirusi”. Sasa mtu mjanja aandike programu yenye nakala ya mkaguzi huyo ndani yake, pamoja na amri hii: muulize mkaguzi habari zangu; akisema mimi ni kirusi, nitulie nisienee; akisema si kirusi, nienee. Mkaguzi atajibu nini? Akisema ni kirusi, programu itatulia, naye atakuwa amekosea. Akisema si kirusi, programu itaenea, naye atakuwa amekosea vilevile. Basi mkaguzi wa namna hiyo hawezi kuwapo. Mlinzi anaweza tu kupunguza virusi vinavyompita kwa kuwa mkali zaidi, na akizidi ukali ataanza kuwakamata wenyeji pamoja na wezi. Mwuzaji anayeahidi ulinzi wa asilimia mia moja kwa daima anaahidi kitu ambacho hisabati imekwisha kukikataa.

Tuje kwenye uzito. Watu wengi hupima uzito wa kinga kwa ukubwa wa faili inayopakuliwa wakati wa kuiweka. Kipimo hicho hudanganya, kwa kuwa mara nyingi faili hiyo ndogo ni tarishi tu, anayekwenda kuleta mzigo wenyewe kutoka kwenye intaneti. Uzito wa kweli hutokana na mahali mlinzi anaposimama, yaani kati ya programu na diski. Kila faili inapofunguliwa au kuandikwa, hungoja kwanza ikaguliwe. Kwa sababu hiyo, kunakili filamu moja kubwa huenda kusionyeshe tofauti yoyote, ilhali kunakili faili ndogo elfu moja zenye jumla ya ukubwa uleule humpa mlinzi kazi elfu moja. Kinga iliyotungwa vizuri hukumbuka faili iliyokwisha kuikagua, isiikague upya mpaka ibadilike.

Baadhi ya programu zinazosifiwa kwa wepesi zimehamisha sehemu ya kazi hiyo nje ya nyumba. Faili ikitiliwa shaka, alama yake hupelekwa kwa intaneti kwenye kompyuta kuu za kampuni, na jibu hurudishwa. Mpango huu unaipumzisha mashine dhaifu, lakini kifurushi cha data kikiisha, mlinzi hubaki na daftari lililomo ndani tu. Kwa mtu anayepata intaneti mara mbili kwa juma, na ambaye adui wake mkubwa ni flashi ya kuazimana, upungufu huo wapaswa kupewa uzito mkubwa katika uchaguzi.

Uimara nao una upande usiosemwa sana. Kinga hupewa mamlaka makubwa kuliko karibu programu nyingine zote, hivyo ikikosea hudhuru kuliko virusi vingi. Tarehe 21 Aprili 2010 nyongeza moja ya daftari la McAfee iliitambua kimakosa sehemu halali ya Windows XP kuwa kirusi. Kompyuta nyingi zikawa zinajizima na kujiwasha zenyewe. Tarehe 19 Julai 2024 nyongeza yenye kasoro ya CrowdStrike, kinga itumiwayo na makampuni, iliziangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, na safari za ndege zikaahirishwa katika nchi nyingi.

Kwa bahati njema msomaji hana haja ya kutegemea matangazo. Taasisi ya AV-TEST iliyoko Magdeburg, Ujerumani, na ile ya AV-Comparatives iliyoko Innsbruck, Austria, huzijaribu programu hizi mara kwa mara na kutoa matokeo bila malipo. AV-TEST hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi, na 6 kwa kutosumbua kwa tahadhari za uongo. AV-Comparatives huonyesha pia kiwango cha kutambua virusi pasipo intaneti, na kwa baadhi ya programu tofauti yake na kiwango cha penye intaneti ni kubwa. Usitazame matokeo ya mwezi mmoja. Tazama ya miaka miwili au mitatu, kwani mshindi wa leo aweza kuteleza kesho.

Kuhusu programu za bure, bei peke yake haionyeshi ubora wala ubovu. Hata hivyo yafaa kuuliza kampuni inapata wapi riziki yake. Mwaka 2020 kampuni ya Avast ililifunga tawi lake la Jumpshot baada ya kufichuliwa kwamba liliuza habari za tovuti walizotembelea watumiaji wa kinga yake, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani iliitaka ilipe dola milioni 16.5.

Kwa maoni yangu, mwenye kompyuta ya nyumbani yenye Windows 10 au 11 aanze na kinga iliyomo tayari, Microsoft Defender, ambayo haina malipo na kwa miaka kadhaa imepata alama nzuri za ulinzi katika majaribio hayo. Akiona kwamba inailemea mashine yake, au kwamba maisha yake ni ya pasipo intaneti, ndipo atafute nyingine. Asiweke mbili pamoja, kwa kuwa walinzi wawili wanaogombea kila faili mlangoni huongeza uzito bila kuongeza usalama. Akumbuke pia kwamba Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kinga haiwezi kuziba ufa uliomo katika mfumo wenyewe. Kirusi cha WannaCry kilichoenea Mei 2017 kilipita katika ufa ambao dawa yake ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla.

Wanafunzi waweza kupima uzito wenyewe. Kusanyeni faili ndogo mia kadhaa katika folda moja. Zimeni kompyuta na kuiwasha upya, kisha nakilini folda hiyo mahali pengine na kupima muda kwa saa. Rudieni mara nne, mkiwasha upya kila mara. Yaacheni matokeo ya mara ya kwanza, kwa sababu mlinzi alikuwa hajazizoea faili hizo, na tafuteni wastani wa matatu yaliyobaki. Ondoeni kinga hiyo, wekeni ya pili, mrudie jaribio zima kwa folda ileile. Ikiwa tofauti haionekani ila kwa saa, basi wepesi usiwe sababu ya kuchagua, tazameni ulinzi.

Jaribio la mwisho ni la kuona kama mlinzi yu macho. Chama cha Ulaya kiitwacho EICAR kimetoa faili ya majaribio yenye herufi 68 tu. Haina madhara yoyote, lakini watengenezaji wa kinga wamekubaliana kuikamata kana kwamba ni kirusi, nayo hupatikana katika tovuti ya chama hicho. Ipakueni. Kukamatwa kwake hakuthibitishi kwamba kinga ni bora, ila kwamba inafanya kazi. Ikipita kimya, tazameni kama kinga imezimwa, au kama ni ile ya majaribio iliyokuja na kompyuta ya mtumba, ambayo muda wake ulikwisha zamani.