Pawabenki ya kazi: usinunue namba kubwa, nunua chaji inayofika kwenye simu

Leo tuongelee kifaa ambacho wengi tunakinunua kwa kuangalia rangi na namba ya mbele ya boksi: pawabenki.

Sisi wa mtandaoni simu ndiyo duka. Oda zinaingia humo, malipo yanaingia humo, boda anapiga humo humo. Simu ikizima saa kumi jioni, mteja hajui kama mtaani kwako umeme umekatika. Anachojua ni kwamba hujamjibu, anahamia kwa mwingine. Mimi pawabenki yangu ya zamani ilikuwa inaonyesha taa tatu, ikazima ghafla nikiwa njiani. Boda alifika kwa mteja, akanipigia kuuliza nyumba, hanipati, akarudi na viatu. Nikalipia safari mbili na oda ikafa. Kabla sijanunua nyingine nilijifunza hizi namba vizuri, na haya ndiyo ninayoyaangalia sasa.

KWANZA: HAKIKISHA MBOVU NI YENYEWE

Kabla hujaitupa, badilisha waya. Waya uliochoka unafanya pawabenki nzima ionekane mbovu. Jaribu waya mwingine mzima na simu nyingine.

Ukiona bado inazima wakati taa zinaonyesha chaji ipo, au inajaa haraka na kuisha haraka kuliko zamani, au lazima ushikilie waya kwenye tundu ndipo ichaji, hiyo imeshachoka.

Ikivimba, acha kuitumia hapo hapo hata kama bado inachaji. Usiitoboe, usiibane, usiichanganye na taka za kuchoma. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha uliza mafundi simu wa karibu nani anapokea betri mbovu.

PILI: NAMBA YA MBELE SIYO UNAYOPATA

Boksi likiandikwa 10,000 mAh, hicho ni kiasi cha betri ya ndani, ambayo ina volti 3.7. Simu yako inapokea volti 5. Hesabu iko hivi:

10,000 mAh mara 3.7 = 37 Wh.
37 Wh gawanya kwa 5 = 7,400 mAh.

Toa kinachopotea kama joto, unabaki na 6,000 hadi 6,500 hivi. Hapo hujaibiwa, ndivyo zinavyofanya kazi zote. Simu yenye betri ya 5,000 mAh utaijaza mara moja na kitu juu, usitegemee mara mbili.

Geuza pawabenki nyuma, soma maandishi madogo. Tafuta maneno Rated Capacity. Namba iliyo hapo ndiyo ya kulinganishia bei. Mbili zikiwa zote 10,000 mbele, moja ina 6,300 nyuma na nyingine 5,500, hizo hazilingani hata kama bei ni moja. Kama nyuma hakuna namba yoyote, mimi naiacha dukani.

TATU: PIMA UZITO

Hii inakamata feki haraka. Betri za duara zinazowekwa ndani ya pawabenki nyingi zinaitwa 18650. Moja ina uzito wa gramu 45 hivi, na iliyo bora kabisa inabeba kama 3,500 mAh. Kwa hiyo 20,000 mAh inahitaji betri sita au zaidi, yaani karibu gramu 270 kabla ya boksi na saketi yake. Ukikuta imeandikwa 50,000 mAh halafu unaibeba kama simu, kataa. 50,000 ya kweli ingehitaji betri kama 15, karibu gramu 700 za betri tupu.

Angalizo: uzito mdogo unathibitisha uongo, ila uzito mkubwa hauthibitishi ukweli. Kuna wanaojaza vyuma ndani. Ndiyo maana kuna jaribio huko chini.

NNE: NGUVU NDOGO INATOSHA

Wati ni volti mara ampia. 5V kwa 2A ni wati 10. Kwa kujibu meseji, kupiga picha za bidhaa na kupokea malipo, wati 10 zinatosha kabisa. Wati 5 (5V kwa 1A) ni chache kama unaenda laivu, maana skrini na bando vinakula chaji wakati huo huo, unaweza kukuta asilimia hazipandi.

Hizo za wati 65 ni kwa ajili ya kompyuta. Simu inachukua kile inachoweza tu, hivyo kama simu yako haina chaji ya haraka, unalipia kitu usichokitumia. Tena nguvu kubwa kwenye kifaa cha bei rahisi inaleta joto, na joto ndilo linaloua betri mapema.

Angalia pia kama ina matundu mawili yanayogawana nguvu moja. Ikiandikwa jumla ni 2A, ukichomeka simu mbili kila moja inapata pungufu.

Na hii iwasaidie wenye maiki na spika za masikioni zisizo na waya: pawabenki nyingi zinajizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo sana, zinadhani hakuna kitu. Siyo ubovu. Baadhi zina hali maalum ya vifaa vidogo, mara nyingi unabonyeza kitufe mara mbili. Ulizia kabla ya kununua.

TANO: VITU VINAVYOKUFA MAPEMA

Waya uliojengewa ndani ni mzuri siku za mwanzo, ila ukikatika huubadilishi kirahisi. Mimi nachukua yenye matundu ya kawaida, waya nanunua mwenyewe. Chomeka waya na utikise kidogo: tundu likicheza dukani, baada ya miezi michache litakuwa limelegea kabisa.

Zile zenye sola mgongoni zisikuvutie. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinatoa kama wati 1 kwenye jua kali. Kujaza 37 Wh ni zaidi ya saa 37 za jua kali, zaidi ya wiki nzima. Na wakati huo betri yako inaungua juani.

SITA: JARIBU NYUMBANI SIKU HIYO HIYO

Jaza pawabenki. Zima simu ikiwa asilimia 20, ichaji mpaka ijae, andika umepata 80. Itumie mpaka ishuke, ichaji tena, jumlisha mpaka pawabenki iishe. 10,000 nzima kwenye simu ya 5,000 mAh inatakiwa ikupe jumla ya asilimia 120 hadi 140 hivi. Ukipata 70, rudisha. Ndiyo maana kabla ya kulipa nakubaliana na muuzaji siku za kurudisha, na zinaandikwa kwenye risiti.

Ukishapata nzuri, usiiache juani wala ndani ya boksi la pikipiki mchana, usiichaji chini ya mto, na usiiweke kabatini miezi ikiwa tupu.

KWA WANAOUZA PAWABENKI

Andika namba ya nyuma kwenye tangazo lako, hata kama wenzako wanaandika ya mbele. Mfano: "10,000 mAh, inayofika kwenye simu 6,300, wati 10." Mteja akipata alichoahidiwa harudi na malalamiko. Na wateja wako wanaofuata mizigo Guangzhou au Dubai waambie mapema: kwenye ndege inakaa kwenye begi la mkononi, na kikomo cha kawaida bila kibali ni 100 Wh, yaani kama 27,000 mAh.

Ukienda dukani kesho beba maswali haya matatu: nyuma imeandikwa ngapi? Inatoa volti na ampia ngapi? Nina siku ngapi za kuirudisha?

Wewe ya kwako nyuma imeandikwa ngapi? Igeuze uangalie, tuandikie hapo chini.